Riwaya ya Kale Ina Thamani Gani? Somo la Haki

Tuseme mjane wa katekista hapa Ngana anauza sanduku la vitabu kwa bei ya karatasi za kufungia karanga. Ndani yake imo riwaya ya Rosa Mistika. Aiuze shilingi ngapi? Tujifunze hatua nne.

Kwanza, tutambue toleo. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, aliyesoma Seminari ya Nyegezi, ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau. Nakala yenye jina la mchapishaji mwingine si ya toleo la kwanza. Hata jina likiwa lenyewe, tusome nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Mwaka 1971 ukifuatwa na miaka mingine ya kuchapwa tena, hiyo ni chapa ya baadaye.

Pili, tupime hali yake: jalada la awali, kurasa zote, mgongo imara. Unyevu wa Kyela huleta ukungu, na mchwa hawachagui. Tusibandike selotepu, kwani inaharibu zaidi. Saini ya mwandishi huongeza thamani.

Tatu, tutafute bei iliyokwisha kulipwa kwa nakala ya toleo na hali kama hiyo. Bei inayotajwa tu na muuzaji haitoshi. Wala uzee peke yake hauleti fedha. Kitabu hupanda bei pale nakala zikiwa chache na wanaozitafuta ni wengi.

Nne, tutazame mihuri. Ukiwepo muhuri wa maktaba ya shule au parokia, tuulize kwanza kama kitabu kilitolewa kwa halali. Kisipokuwa chetu, hakina bei, kinarudishwa.

Sasa, mseminari anayezijua alama hizi akanyamaza ili anunue kwa bei ya kutupa, amefanya nini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inakataza kupandisha bei kwa kutumia kutojua au shida ya mwingine. Kuishusha kwa njia hiyo kunavunja amri ileile ya saba. Ampe mama ukweli kwanza, ndipo wapatane bei.

Tujadili katika jumuiya zetu:
1. Je, anayejua thamani ana wajibu gani kwa asiyejua?
2. Ni vitabu gani vya parokia yetu visivyofaa kuuzwa, hata kwa bei nzuri?