Neno "Ungwana" katika Maisha ya Leonard Mambo Mbotela (1940–2025)

Makanga wa matatu za Barabara ya Jogoo, Mashariki ya Nairobi, hulitaja jina Mbotela kila siku kama kituo cha kushukia tu. Mtaa huo ulipewa jina la Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, akauawa Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Ofafa nao una jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata. Lakini kwa wasikilizaji wa redio jina hilo ni la mtu mwingine wa ukoo huohuo: Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki tarehe 7 Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84. Makala haya yanadhamiria kuyatazama maisha ya mzee huyo kupitia neno moja alilolibeba hewani kwa zaidi ya nusu karne.

Mambo Mbotela alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari wa CMS miaka ya 1870 ili kuwapokea watumwa waliokombolewa baharini. Wakaazi wake walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Asili ya akina Mbotela ni upande wa Ziwa Nyasa. Watu waliotoka makabila mengi hivyo hawakuwa na lugha moja ya kurudi kwayo. Lugha za mababu zilififia, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, ya kubembelezea watoto na ya kuzikia wafu. Habari za watu hao zilihifadhiwa na James Mbotela katika Uhuru wa Watumwa (1934), kitabu ambacho wahakiki wamekilaumu, na kwa haki, kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza kupita kiasi. Hata hivyo, msomaji anayeishia kwenye lawama hiyo huipoteza sauti ya wazao wa watumwa wakijisimulia wenyewe kwa Kiswahili.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Katika miji ya pwani kama Lamu, Pate na Mombasa, mwungwana alikuwa mtu huru kwa kuzaliwa, mwenye nasaba inayotajika. Kinyume chake kilikuwa mtumwa, wala si mtu mwenye tabia mbaya. Hata aliyeachwa huru hakuupata uungwana kwa kuachwa huko, kwani nasaba haiandikwi upya kwa hati. Ndiyo maana wapagazi na askari wa misafara ya karne ya 19, wengi wao watumwa au wazao wa watumwa, walijiita waungwana mara walipofika bara, mbali na wale waliozijua nasaba zao. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana kutokana nao. (Wanasarufi watapendelea "uungwana", redio iliandika "ungwana", na umma ukalipokea hivyo.)

Mambo Mbotela alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1964, na mwaka 1966 kikaanza kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? Muundo wake ulikuwa mwepesi: tabia fulani ya kila siku inasimuliwa, kisha msikilizaji anaulizwa swali. Wengi walikichukua kama kipindi cha adabu, nacho kweli kilikuwa hivyo. Lakini aliyeuliza alikuwa mzao wa watu ambao pwani ya kale isingewaita waungwana kamwe. Katika kinywa chake, neno liliachana na nasaba likafuata mwenendo. Mabadiliko ya maana yalikwisha anza kabla yake, ila ni vigumu kumtaja mtu mwingine aliyeyafikisha katika nyumba nyingi kiasi hicho.

Kuna hoja ya kumkosoa. Kipindi kilihoji ukosefu wa adabu wa jirani, si wa wenye mamlaka, na hili halishangazi katika redio ya serikali. Tarehe 1 Agosti 1982 askari waasi wa Jeshi la Anga walimchukua nyumbani na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Sauti iliyozoea kuuliza ilisomeshwa kwa mtutu wa bunduki, na hapakuwa na nafasi ya swali.

Katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, watoto wa wazazi wenye lugha mbalimbali walifanya jambo linalofanana na la Freretown: walijitengenezea lugha ya pamoja, Sheng. Kiswahili cha Mbotela kilikuwa cha namna nyingine kabisa, nao walikisikia kutoka redio za majirani. Swali lake waliondoka nalo. Anayeruka foleni ya maji bado huulizwa, kwa kicheko au kwa hasira, kama huo ni ungwana, na hakuna anayemwuliza babu yake alikuwa nani.