Kesi ni ya Jamhuri, Jeraha ni Lako

Fika katika mahakama yoyote ya Kenya asubuhi, utakuta orodha ya kesi za siku hiyo. Kesi za jinai zote zimeandikwa kwa mtindo mmoja: Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyekatwa panga, aliyevunjiwa duka, mama wa kijana aliyeuawa, wote hawamo. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo sheria ilivyowaona: mashahidi wa kuitwa, kuulizwa maswali na kurudishwa makwao. Wengine walikuja kujua kwamba hukumu imetolewa walipokutana na mshtakiwa sokoni.

Katiba ya 2010 iliagiza Bunge, katika kifungu cha 50, litunge sheria ya kulinda haki na maslahi ya waathiriwa wa uhalifu. Mwaka 2014 ikapatikana Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa. Kwa mujibu wake, mwathiriwa ni mtu yeyote aliyeumia, aliyepata hasara au aliyeharibiwa mali yake kwa sababu ya kosa la jinai. Uzito wa sheria hiyo ulipimwa hadi Mahakama ya Juu, katika kesi ya mauaji iliyoanzia Bungoma, ambapo mshtakiwa alipinga wakili wa familia ya marehemu kuruhusiwa kusema lolote. Mwaka 2020 majaji waliamua kwamba mwathiriwa ana haki ya kushiriki katika kesi, mwenyewe au kupitia wakili wake. Asichoweza ni kugeuka kiongozi wa mashtaka wa pili, na hakimu au jaji ndiye anayepima ushiriki huo ufike wapi bila kumnyima mshtakiwa haki zake.

Kwa hiyo haki ipo. Lakini haikufuati nyumbani. Afisa wa uchunguzi ana mafaili tele mezani, kiongozi wa mashtaka ana kesi za siku nzima, na hakuna hata mmoja atakayekupigia simu kukukumbusha unachostahili. Anayeuliza ndiye anayepewa, na anayeuliza akiwa na karatasi mkononi hupewa upesi zaidi.

Kituoni

Shughuli yote huanzia kwenye kitabu cha matukio, kile ambacho kila mtu anakiita OB. Hakikisha malalamiko yako yameandikwa humo ukiwa hapo hapo, kisha uandikiwe namba. Bila OB hakuna faili, na bila faili afisa atakayeingia zamu kesho hakujui wala hakutambui. Wapo watakaokuambia uende kwanza ukazungumze na wazee, au umlete mshukiwa ndipo wamshike. Omba kwa upole, lakini bila kurudi nyuma, kwamba OB iandikwe kwanza. Hayo mengine yatafuata. Kuripoti hakulipiwi. Ile “pesa ya mafuta” ambayo watu wamezoea kuombwa ili gari la polisi litoke si ada ya serikali, na haina risiti.

Utaandikisha taarifa. Zungumza lugha unayoimudu. Ukihitaji mkalimani, sheria inakupa bila malipo. Taarifa nyingi hutolewa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza, na kosa linalotokea mara kwa mara katika kuvuka huko ni la saa. Unasema ulivamiwa saa mbili usiku, yaani watu wakila chakula cha jioni, na karatasini inaandikwa saa nane za usiku. Miezi kadhaa baadaye wakili wa mshtakiwa atakusomea taarifa yako mwenyewe na kukuuliza ni lini ulikuwa unasema kweli. Basi kabla ya kutia saini, omba usomewe yote kwa lugha unayoielewa, na kilichokosewa kirekebishwe. Kisha chukua jina na simu ya afisa wa uchunguzi. Huyo ndiye utakayekuwa ukimtafuta kuanzia siku hiyo.

Hospitalini

Kama umeumizwa, hospitali kwanza. Usiketi kwenye benchi la kituo ukivuja damu eti unasubiri fomu ya P3. Daktari anaweza kuijaza baadaye kwa kutumia kumbukumbu za matibabu yako, ndiyo maana kila karatasi ya hospitali, picha ya eksirei na risiti ya dawa ni ya kuhifadhiwa kama hati ya shamba. Piga picha za majeraha siku ya kwanza, na tena siku mbili tatu baadaye, kwa sababu uvimbe na weusi wa damu hujitokeza polepole.

P3 yenyewe hutolewa na polisi na haiuzwi. Watu huichukulia kama urasimu tu, kumbe ndiyo inayoamua mengi. Humo daktari hueleza jeraha ni la kiwango gani, na kiwango hicho ndicho kinachoongoza shtaka. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kumpiga mtu na kumdhuru mwili kuna kifungo kisichozidi miaka 5. Kumjeruhi vibaya kunaweza kumpeleka mtu jela maisha. Kwa hiyo mweleze daktari kila kitu: kizunguzungu, sikio lisilosikia vizuri, kidole kisichokunjika. Ukijikaza mbele yake, fomu nayo itaandika kwamba hukuumia sana. Toa nakala kabla ya kuirudisha kituoni, maana mafaili hupotea, na bila nakala utaanza upya.

Kwa aliyebakwa au kunajisiwa, saa zina maana zaidi kuliko mahali pengine popote katika makala haya. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndani ya muda huo ni bora zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Najua ni vigumu kumwambia mtu asioge baada ya kitendo kama hicho, lakini ushahidi uko mwilini na kwenye nguo. Nguo zisifuliwe, na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu uliofungiwa huozesha ushahidi. Matibabu ya waathiriwa wa makosa ya ngono katika hospitali za umma ni bila malipo kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 na kanuni zake za 2012. Huhitaji kupitia polisi kwanza. Muuguzi au daktari hujaza fomu inayojulikana kama PRC, ambayo ni tofauti na P3, kwa nakala tatu: ya polisi, yako, na ya hospitali. Shika yako. Hata ukiwa hujaamua leo kama utashtaki, fomu hiyo inakuhifadhia uamuzi wa kesho.

Vituo maalumu vya kuwahudumia waathiriwa hawa, pamoja na ushauri nasaha, vipo katika baadhi ya hospitali, zikiwemo Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa na Nairobi Women's Hospital, iliyoanzisha kituo chake mwaka 2001.

Kesi ikianza

Jambo linalowavunja moyo waathiriwa wengi ni dhamana. Mtu amekamatwa Ijumaa, wiki inayofuata yuko kijijini anakunywa chai. Watu husema ametoa hongo, na huenda wakati mwingine ni kweli, lakini Katiba inampa kila mshtakiwa haki ya dhamana, hata wa mauaji, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima. Usalama wako ni mojawapo ya sababu hizo. Sema kabla dhamana haijaamuliwa: mwambie kiongozi wa mashtaka kama ametuma watu kwako, kama nyumba zenu zimepakana, kama ana simu yako. Mara nyingi mahakama huagiza afisa wa probesheni aandae ripoti, naye huja kuuliza familia ya mwathiriwa. Huo si wakati wa kukataa kuzungumza kwa hasira. Na kama ameshaachiliwa kisha akaanza vitisho, ripoti upewe OB nyingine, uipeleke kwa kiongozi wa mashtaka aombe dhamana ifutwe. Penye hatari ya maisha kuna Shirika la Kulinda Mashahidi, ambalo linaweza hata kumhamisha shahidi na familia yake.

Sheria ya 2014 inakupa haki ya kuwepo kesi ikisikilizwa, kujua mashtaka, kufahamishwa mapema ushahidi utakaotumika, na kutoa maoni yako pale maslahi yako yanapoguswa. Hilo linahusu pia makubaliano ambayo mshtakiwa hukiri kosa dogo ili aondolewe kubwa: upande wa mashtaka unatakiwa kukupa nafasi ya kusema kabla ya kuyafunga. Ukisikia minong'ono kwamba “wanaelewana”, nenda afisi ya mashtaka siku hiyo hiyo.

Mshtakiwa akipatikana na hatia, una nafasi ya kueleza mahakama jinsi kosa lilivyokuathiri kabla hajahukumiwa. Nafasi hii haitumiwi vya kutosha. Andika kwa maneno yako, bila matusi na bila mbwembwe: kazi uliyoacha, usingizi uliopotea, mtoto aliyekosa karo. Hakimu anayekadiria kifungo au faini huwa amesikia habari za mshtakiwa, kwamba ana wazazi wazee na watoto wadogo. Asikie na zako.

Mtoto, au aliyetendewa kosa la ngono, anaweza kutoa ushahidi akiwa nyuma ya pazia au kupitia msaidizi anayemsemea, na umma unaweza kutolewa nje. Huko Shanzu, Mombasa, ilifunguliwa mwaka 2022 mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia, na nyingine zimefuata.

Kuhusu wazee na maslaha, yaani mapatano ya kimila nje ya mahakama: sheria inaruhusu upatanisho kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama shambulio la kawaida, na mahakama yenyewe huuhimiza. Ugomvi wa mipaka uliozaa makofi ukimalizwa na wazee, sioni ubaya. Lakini kesi ya ubakaji au kunajisi mtoto si ya kuuzwa kwa mbuzi na gunia la sukari. Baba wa mtoto hana mamlaka ya kuifuta, wala chifu. Uamuzi wa kuisimamisha uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Fidia

Mahakama inayomtia mtu hatiani inaweza kumwamuru alipe gharama za matibabu na ushauri nasaha, mali iliyoharibika, mapato yaliyopotea, hata nauli na malazi ulipokuwa ukifuatilia kesi. Inaweza, lakini haiwezi kukisia. Hapa ndipo zile risiti zinapofanya kazi, na jumbe za M-Pesa ni ushahidi kama risiti nyingine. Mkabidhi kiongozi wa mashtaka jumla iliyoandikwa vizuri kabla ya siku ya hukumu. Tatizo halifichiki: wafungwa wengi hawana kitu. Sheria iliunda pia Hazina ya Kulinda Waathiriwa, na inafaa uulize kuihusu, ila usikope ukiitegemea.

Aliyeibiwa na mali yake ikapatikana, aombe mahakama iruhusu ipigwe picha na arudishiwe, badala ya pikipiki kukaa uani mwa kituo ikiliwa na kutu hadi kesi iishe.

Pa kukimbilia

Polisi ni 999 au 112. Mtoto aliye hatarini, 116. Dhuluma za kijinsia, 1195, bila malipo. Kwa wakili kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016 kwa wasio na uwezo, na mashirika kama FIDA-Kenya na Kituo cha Sheria.

Anayepigwa nyumbani halazimiki kungoja mashtaka. Chini ya sheria ya 2015 ya ulinzi dhidi ya dhuluma za nyumbani, anaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani, ya muda hata kabla mhusika hajaitwa, na dhuluma hapo ni pamoja na kunyimwa pesa za matumizi na kufuatwafuatwa. Aliyerudi kutoka Ghuba akiwa amesafirishwa kwa hila na kutumikishwa naye ni mwathiriwa kwa sheria ya 2010 inayopinga biashara ya binadamu.

Polisi wakikaa na faili bila kufanya lolote, anza na OCS, yaani mkuu wa kituo, kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Isiposaidia, andikia afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka katika kaunti yako: Katiba inampa mamlaka ya kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze. Kama aliyekuumiza ni polisi mwenyewe, peleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, simu 1559. Na kama unafikiria kudai fidia kwa kesi ya madai, hesabu tarehe mapema. Dhidi ya mtu binafsi, kwa jeraha au hasara, una miaka 3 tangu tukio. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu, na kesi ya jinai kuwa bado inaendelea hakusimamishi hesabu hiyo.