Kutazama Kabla ya Kuhukumu

Wengi wetu tukiona mchoro wa kisasa usiofanana na kitu tunachokijua, husema "hauna maana" tukapita. Leo tujifunze kutazama kwanza.

Anzia Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Usikimbilie kuona vyote. Chagua kikapu kimoja, simama mbele yake dakika 10, ujiulize: Macho yangu yanaona nini hasa? Mistari inaanzia wapi, inajirudia vipi? Msukaji aliamua nini?

Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, alijifunza hati katika chuo cha Qur'ani cha baba yake. Baadaye alisomea sanaa London. Aliporudi Khartoum akaonyesha michoro yake, watu hawakuijali. Badala ya kuwalaumu, alianza upya kutazama herufi za Kiarabu na mapambo ya nyumbani kwao. Akazivunja herufi, vipande vikawa maumbo mapya. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern, London, lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake.

Aliyezoea kufuata mstari wa kikapu ataiona herufi ndani ya mchoro wake. Hukumu ya kuchora viumbe tuwaulize wanazuoni. Kutazama kwa makini tumehimizwa, hata ngamia alivyoumbwa, katika Surat al-Ghashiya.

Zoezi: ukirudi Kabonga, tazama mtumbwi mmoja ufukweni dakika 10, uandike mambo matano uliyokuwa hujawahi kuyaona.