Je, Tufunge kwa Kufuli Vitu Vyetu Katika Chumba cha Michezo?

Kila siku ya michezo, saa kumi alasiri, wanafunzi wapatao 40 huingia katika chumba kidogo kilicho kando ya uwanja wetu, huvua sare, huvaa jezi na kaptura, kisha hutoka mbio kwenda kucheza. Nyuma yao hubaki suruali zimetundikwa misumarini na viatu vimepangwa chini ya benchi. Na ndani ya mifuko ya suruali hizo mna saa, kalamu, na pengine fedha. Mlango haufungwi, maana wachezaji huingia na kutoka wakitafuta maji au soksi. Ukutani mna visanduku 24 vya mbao vyenye milango na tumbuu za kutia kufuli, lakini siku nyingi nahesabu makufuli matano au sita tu.

Mimi ni kiranja wa michezo, na swali hili huletwa kwangu mara kwa mara: je, yafaa kila mtu afunge vitu vyake, ama yafaa tuaminiane kama ndugu? Nimelifikiri, nami napenda kuwaeleza wenzangu, na wakubwa wetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, jinsi nilionavyo.

MAJINA YA VITU

Kwa kuwa wengi wetu hapa Uganda twajifunza Kiswahili darasani, si kwa mama, heri tuanze na maneno. Komeo ni kipande cha mti au chuma kinachosukumwa ili kuzuia mlango usifunguke. Kitasa ni kile kilichotiwa ndani ya mlango wenyewe. Kufuli ni lile linaloning'inia, nalo huweza kuchukuliwa mkononi. Jina lake limetoka katika Kiarabu, "qufl". Tumbuu ni pete ya chuma ambamo kufuli hupitishwa. Bawaba ni zile zinazoushika mlango upande wa pili ili upate kugeuka. Tena angalieni neno ufunguo: limetokana na kufungua, wala si kufunga. Nasi tutaona kwamba jambo lote la kufuli liko hapo, katika kujua ni nani awezaye kufungua.

WASEMAVYO WASIOTAKA KUFULI

Wasiotaka kufuli wana maneno matatu, nayo si ya kudharauliwa.

Kwanza husema kwamba kufuli ni tusi. Ukifunga kisanduku chako mbele ya mwenzako mnayelala bweni moja na kula sahani moja, ni kama kumwambia, "Wewe ni mwizi." Pili husema kwamba shule kama hii imewekwa ili tujifunze uaminifu, na mtu hawezi kujifunza uaminifu mahali ambapo kila kitu kimefungwa. Wakubwa wetu wengine wanapotutembelea hutuambia kwamba zamani zao nguo zilitundikwa tu, na hakuna kilichopotea. Tatu husema kwamba kufuli halimzuii mwizi hata kidogo: atakaye kuiba atavunja.

Nitaanza na neno la tatu, kwa sababu hilo lataka elimu, kisha nitarudi kwa mengine.

KUFULI HUFANYAJE KAZI

Watu wametaka kufunga vitu vyao tangu zamani sana. Wamisri wa kale walikuwa na komeo la mti lenye vijiti vidogo vilivyoanguka ndani ya matundu na kulizuia lisisogee. Ufunguo wao ulikuwa mti mrefu wenye meno. Ukiingizwa na kuinuliwa, meno yalivisukuma vijiti juu, na komeo likaachiliwa. Baadaye sana, mwaka 1861, Mmarekani aitwaye Linus Yale mdogo alipata hati ya serikali kwa ajili ya kufuli lake la vijiti, na makufuli mengi tununuayo leo madukani yamefuata njia hiyo.

Ndani ya kufuli la namna hii mna kipande cha duara kinachogeuka, na juu yake vijiti vya shaba vinavyosukumwa chini na springi. Kila kijiti kimekatwa vipande viwili. Ufunguo usipokuwamo, vijiti hukaa nusu ndani ya duara na nusu nje, basi duara haiwezi kugeuka. Ufunguo wa haki ukiingia, kila jino huinua kijiti chake kwa kadiri yake, hata mahali palipokatwa pa vijiti vyote pawe sawa na ukingo wa duara. Hapo duara hugeuka na kufuli hufunguka. Kijiti kimoja kikizidi au kikipungua, halifunguki.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kufuli lina vijiti 3, na kila kimoja chaweza kukatwa kwa vimo 4. Namna za funguo ni 4 mara 4 mara 4, yaani 64 tu. Lakini kufuli lenye vijiti 5 na vimo 6 lina namna 7,776. Hiyo ndiyo sababu kufuli dogo la bei rahisi huweza kufunguliwa na ufunguo wa jirani: watengenezaji wameuza maelfu, na namna ni chache. Katika bweni letu tulijaribu makufuli madogo 11 ya aina moja, tukakuta mawili yafunguka kwa ufunguo mmoja.

Wengine hupenda kufuli la nambari, lisilotaka ufunguo. Lenye magurudumu 3, kila moja likiwa na tarakimu 0 hata 9, lina namna 1,000. Mtu akijaribu moja kwa kila sekunde 2, atazimaliza zote kwa sekunde 2,000, yaani dakika 33 na sekunde 20. Kipindi kimoja cha mpira ni dakika 45! Kwa hiyo ana nafasi ya kulifungua kabla ya mapumziko, kulifunga tena, na kurudi kushangilia. Lenye magurudumu 4 lina namna 10,000, nazo zataka saa 5 na dakika 33. Hilo lafaa, ila kwa sharti moja: usitie mwaka wako wa kuzaliwa. Sisi sote shuleni tumezaliwa katika miaka isiyozidi 10 hivi. Ajaribuye miaka hiyo atamaliza kwa sekunde 20.

Je, liko kufuli lisiloshindwa? Fundi mmoja wa London, Joseph Bramah, alidhani liko. Mwaka 1790 aliliweka kufuli lake katika dirisha la duka lake, na tangazo kwamba atakayelifungua bila ufunguo atapewa gini 200. Likakaa miaka na miaka bila kushindwa, hata Bramah mwenyewe akafa. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, alikuja Mmarekani A. C. Hobbs, naye akalifungua. Lakini tazameni alivyotaabika: alitumia saa 51, katika muda wa siku 16.

Katika habari hiyo mna jibu la neno la tatu. Ni kweli kwamba hakuna kufuli lisilofunguka. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi na kumlazimisha afanye kelele. Mtu wa chumba chetu cha michezo hana siku 16. Ana dakika chache, na masikio yake yako mlangoni akisikiliza hatua za watu. Tena wengi wachukuao vitu vya wenzao si wezi wa kazi. Ni mtu aliyeingia kunywa maji, akaona noti imechungulia mfukoni, na mkono ukatangulia kabla ya akili. Mtu huyo hawezi kuvunja tumbuu. Kufuli dogo latosha kumpa nafasi ya kukumbuka yeye ni nani.

JAMBO LILILOTOKEA

Sasa narudi kwa wale wasemao kwamba kufuli ni tusi. Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu.

Mwaka jana tulicheza na shule ya jirani. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alikuwa na shilingi 80,000, sehemu ya karo aliyopewa na mjomba wake aje ailipe ofisini. Ofisi ilikuwa imefungwa, akaziacha katika mfuko wa suruali, suruali akaitundika msumarini. Mchezo ulipokwisha, fedha hazipo.

Palianza minong'ono. Mmoja akasema kwamba kijana wa kidato cha kwanza alitumwa kuchukua chupa za maji, akakawia. Mwingine akasema kijana huyo huyo alionekana jana yake na sabuni mpya na mkate. Kabla ya saa ya chakula cha jioni wakubwa walikuwa wamelifungua sanduku lake la bati na kumwaga vitu vyake kitandani mbele ya bweni zima: shuka, daftari, barua za nyumbani, na shilingi 7,000 ambazo mama yake alimletea kwa mkono wa dereva. Hakuna kingine. Mwalimu alipofika aliwakemea na kulithibitisha jambo la dereva yule. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka. Hata mwisho wa muhula kila alipoingia chumbani watu walishika mifuko yao. Muhula uliofuata hakurudi.

Fedha zile hazikuonekana, wala aliyezichukua hakujulikana mpaka leo. Shilingi 80,000 zilichangwa na darasa, kidogo kidogo, hata zikatimia, na karo ikalipwa. Jina la kijana yule hatukuweza kumchangia.

Basi nawauliza: lipi ndilo tusi? Kufuli lililotundikwa kabla ya jambo, lisilomtaja mtu yeyote, ama macho ya bweni zima baada ya jambo, yanayomtaja mmoja asiye na hatia? Kitu kilichoachwa wazi kikipotea, watu wote waliopita huwa washitakiwa, na kwa kawaida hukamatwa yule mdogo, au mgeni, au maskini. Kufuli hulinda mali ya mmoja, lakini hulinda jina la watu 39 waliobaki. Kwa hiyo afungaye kisanduku chake asidhaniwe kuwa anawatukana wenzake, anawaondolea mashaka.

Na uaminifu je? Hao wakubwa wetu wasemao kwamba zamani hakuna kilichopotea, siwabishii. Lakini uaminifu haufundishwi kwa kumwekea mtu mwenye njaa chakula cha mwingine mbele yake na kugeuka nyuma. Kuna nafasi nyingi za kuaminiana: kukopeshana kitabu, kutunza fedha za chama, kusema kweli darasani. Wazee wa pwani, ambao milango yao ya nakshi hufungwa kwa mnyororo na kufuli, walisema: "Kikulacho ki nguoni mwako." Wala hawakuacha kukaribishana kwa sababu hiyo.

MASHAURI

Haya ndiyo nionayo kuwa yafaa.

1. Usilete uwanjani kitu kisichotakiwa mchezoni. Fedha za karo zipelekwe kwa mwalimu wa bweni siku ile ile, zikaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Nguo zitundikwe; lakini saa, fedha na viatu vizuri viwekwe kisandukuni na kufungwa.

3. Ununuapo kufuli, jaribu funguo za makufuli mengine ya namna hiyo papo hapo dukani. Likifunguka, lirudishe.

4. Tazama tumbuu na bawaba. Kufuli kubwa juu ya tumbuu iliyoshikwa na skrubu mbili zinazoonekana nje si kitu; mwenye bisibisi hataligusa kufuli lako. Mafundi wetu wa useremala waweza kuzitoa skrubu hizo na kutia bolti zenye nati kwa ndani.

5. Usifiche ufunguo ndani ya kiatu chini ya benchi. Huko ndiko kila mtu atafutako kwanza. Wala usiuvae shingoni uwanjani: Kanuni ya 4 ya kandanda yakataza mchezaji kuvaa kitu chenye hatari. Nimetengeneza ubao wenye misumari 24 yenye nambari, nao hukaa kando ya uwanja kwa mchezaji wa akiba. Mpe ufunguo, autundike kwa nambari yako.

6. Kitu kikipotea, mwambie mwalimu au kiranja, usimtaje mtu. Sanduku la mwanafunzi lisifunguliwe ila na mwalimu, mwenyewe akiwapo, na mlango umefungwa.

Shauri hili la sita ndilo kubwa kuliko yote, maana halihitaji fedha. Kufuli laweza kununuliwa muhula ujao na asiyeweza muhula huu. Ulimi wa kufungwa kila mmoja anao tayari.

Visanduku 18 bado ni vitupu. Atakaye kimoja na aje kwangu siku ya Jumamosi baada ya usafi, nitamwandika jina na nambari.