Mwanahabari wa Takwimu: Tumpime Vipi?



Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka, sisi wa Gisenyi tuliona anga jekundu upande wa Goma na watu wakivuka mpaka na magodoro kichwani. Wizara ya Rwanda inayoshughulikia maafa ilitaja kwanza watu zaidi ya 3,500 waliovuka, kisha karibu 8,000. Hakuna aliyedanganya, kila idadi ilikuwa na saa yake.

Kesho yake nikapata mchoro mzuri wa mwanahabari mmoja wa takwimu: lava imeua watu 15. Niliusambaza hapo hapo kwenye kikundi chetu cha wanafunzi. Mwenzetu mmoja, ambaye mama yake alikuwa Majengo, Goma, na simu haipatikani, aliusoma akatoka chumbani analia.

Baadaye nikasoma tamko la serikali ya Kongo lenyewe. Watu 15 ni kweli. Lakini 9 walikufa kwa ajali ya barabarani wakikimbia, 4 wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze, na walioungua walikuwa 2. (Siku zilizofuata idadi ilipita 30.) Mchoro ulichukua vifo vya aina tatu ukavipa sababu moja.

Nikaanza kumchunguza mwandishi wake kama tunavyofundishwa kwenye darasa la hadithi, ambako mpokezi huulizwa mambo mawili: uadilifu na dhabti, yaani umakini wa kuhifadhi na kufikisha. Mtu anaweza kuwa mkweli kabisa na dhabti yake ikawa mbovu. Shahada yake ya uchumi haikunisaidia sana. Kilichonisaidia ni kujua anayemlipa, kuona kama huweka wazi jedwali alilotumia, na kama huandika idadi ni ya saa ngapi na imetoka kwa nani.

Hapo nilimkumbuka Ibn Lahi'a, kadhi wa Misri aliyefariki mwaka 174 Hijria. Vitabu vyake viliungua, akawa anasimulia kwa kumbukumbu na kuchanganya. Baadhi ya wahakiki hawakumtupa moja kwa moja. Walitenganisha: aliyopokewa na wanafunzi wake wa mwanzo, kama Ibn al-Mubarak na Ibn Wahb, yakapewa uzito kuliko ya baadaye. Nadhani hii ni haki zaidi kuliko mazoea yetu ya kusema "fulani muongo" au "fulani namwamini" tukamaliza.

Basi nami nikatenganisha. Makala zake za bajeti, ambako jedwali lilikuwa mkononi mwake, nilizikokotoa upya tatu. Zote zikatoka sawa. Zile za maafa, zilizoandikwa usiku kwa kunukuu wengine, hazikutaja chanzo hata kimoja. Za kwanza nazichukua. Za pili nasubiri mwingine azithibitishe.

Nilimwandikia. Siku ya pili alirekebisha, akaliacha kosa lake lionekane na maelezo chini yake. Hilo nimelihesabu upande wa uadilifu wake.

Mama wa mwenzetu alipatikana Jumanne, mzima, kwa dada yake huko Sake. Mimi, niliyesambaza mchoro ule, sikuwa nimeandika marekebisho yoyote kwenye kikundi mpaka mwenzetu huyo aliponiuliza mwenyewe.