Harambee Iwe na Masharti

Mwezi huu tujifunze kwa bendi ya Daniel Amos ya California, Marekani. Wanamuziki hawa Wakristo walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1976. Baada ya 2001 walikaa miaka 12 bila albamu mpya ya studio. Walipotaka kurekodi tena, waliwaomba wapenzi wao wachange kupitia mtandao wa Kickstarter. Albamu ikatoka mwaka 2013.

Si ni harambee tu? Ndiyo, lakini mtandao huo una masharti:

1. Kiasi kinachohitajika hutangazwa mapema.
2. Siku ya mwisho huwekwa.
3. Kiasi kisipofika, hakuna anayekatwa hata senti.

Wengi wetu tumeona pesa za tangi la maji zikichangwa nusu, halafu zikaliwa kidogo kidogo. Tangi hakuna, na kuaminiana kumekwisha. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza tujue kibaba chenyewe ni kikubwa kiasi gani.

Maswali ya kujadili: Harambee yetu ya mwisho ilifika wapi? Kama haikutimia, pesa za watu ziko kwa nani?