Gemu za Mtandaoni: Je, ni Kupoteza Wakati?

Si kila anayecheza gemu mtandaoni anapoteza wakati. Mkenya Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka wa 2018 akiwa mwanafunzi wa sheria.

Hata hivyo, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inatambua uraibu wa gemu. Dalili ni tatu: kushindwa kujizuia, kutanguliza gemu kuliko shughuli nyingine, na kuendelea kucheza licha ya madhara. Kwa kawaida dalili hizo hudumu angalau miezi 12.

Kabla ya kumpokonya mtoto simu, mzazi achunguze usingizi, masomo na pesa za bando. Vikiharibika, azungumze naye mapema na kutafuta ushauri katika kituo cha afya.